Sumukuvu Ikitoka Kwenye Sembe Inakwenda Wapi?

Gunia la kilo 100 la mahindi likipita kwenye mashine ya kukoboa linagawanyika mara mbili: sembe, kama kilo 75, na pumba, kama kilo 25. Sembe inakwenda mezani. Pumba zinachukuliwa na wafugaji. Nyingine zinaliwa na kuku, nyingine na ng'ombe wa maziwa, na chenga zilizofagiwa chini ya mashine zinapikwa ugali wa mbwa na kuchanganywa na dagaa. Wanaohofia sumu kwenye chakula karibu wote huulizia sembe. Ukitaka kulielewa jambo hili, fuata pumba.

Sumukuvu ni jina tulilolizoea Tanzania kwa sumu zinazotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga. Ziko za aina nyingi, lakini inayoua haraka na kusababisha saratani ya ini ni aflatoksini, inayotoka kwa kuvu wawili hasa, Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Kuvu hawa wanaishi udongoni. Wanaingia kwenye punje mahindi yakipata ukame wakati wa kujaza mbegu, wanapitia tundu la mdudu, au wanasubiri ghalani mpaka unyevu uwaruhusu. Rangi yao ni ya kijani iliyokwajuka kuelekea manjano. Lakini macho hayatoshi: kuvu anaweza kuonekana bila sumu, na sumu inaweza kuwepo wakati kuvu ameshakufa na kupanguswa.

Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini, na 5 kwa ile kali zaidi iitwayo B1. Namba hizo hazina sura mpaka uzigeuze: gramu moja ya sumu ikitawanywa sawasawa kwenye magunia 1,000 ya kilo 100, magunia yote yamefika kwenye kikomo.

Sasa hesabu ya mashineni. Chukua mahindi yenye mikrogramu 40 kwa kilo, mara nne ya kikomo. Gunia zima lina mikrogramu 4,000. Sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kwenye kiini, na hizo ndizo sehemu zinazong'olewa na mashine. Tuseme kukoboa kumeondoa robo tatu ya sumu. Kilo 75 za sembe zinabaki na mikrogramu 1,000, yaani 13 kwa kilo. Si salama, ila imesogea karibu na kikomo. Kilo 25 za pumba zinabeba mikrogramu 3,000, yaani 120 kwa kilo. Hakuna kilichopotea. Mzigo umehamishwa tu kutoka sahani moja kwenda nyingine, tena umekolezwa mara tatu.

Mbwa wa kilo 15 anayekula gramu 300 za pumba hizo kwa siku anaingiza mikrogramu 36, sawa na 2.4 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye nyumba wa kilo 60 anayekula gramu 400 za sembe ileile anapata mikrogramu 5 na kidogo, ambayo kwa kilo ya mwili haifiki 0.1. Mlinzi wa geti anakula sumu zaidi ya mara 25 kuliko anayemlinda, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi. Madaktari wa mifugo wameshaona mbwa wakiugua kwa chakula kilichozidi mikrogramu 60 kwa kilo. Kikomo cha Marekani kwa chakula cha mbwa na paka ni 20.

Ndiyo maana mbwa hutangulia. Mwaka 1974, magharibi mwa India, katika Rajasthan na Gujarat, mamia ya watu waliugua ini kwa kula mahindi yenye kuvu na zaidi ya 100 wakafa. Mbwa wa vijiji hivyo, waliokuwa wakila mabaki ya nyumbani, waliugua kwa dalili zilezile za tumbo kujaa maji na macho kuwa manjano. Machakos, Kenya, 1981, watu 20 walifikishwa hospitali na 12 wakafa. Kwenye maeneo hayo njiwa, mbwa na kuku walikuwa wamekufa pia. Mwaka 2004 Ukambani, hukohuko Kenya, iliona mlipuko mkubwa zaidi, wagonjwa 317 na vifo 125, na mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafa. Mbwa wawili watatu wa mtaa mmoja wakianza kukataa chakula na ufizi kugeuka manjano ndani ya wiki moja, msiishie kusema wamewekewa sumu na majirani. Fungueni gunia.

Dalili za mbwa zinakuja kwa mpangilio unaotambulika: anaacha kula, analala muda mrefu, anatapika, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, halafu manjano inaonekana kwenye ufizi, kwenye weupe wa jicho na ndani ya sikio. Mwishoni ni damu, kwenye kinyesi au puani, kwa sababu ini lililoharibika halitengenezi tena vigandishaji vya damu. Hakuna dawa ya kuipindua sumu hii. Daktari wa mifugo anaweza kumwekea maji, vitamini K na dawa za kulisaidia ini, na wanaopona ni wale walioachishwa chakula kile mapema. Usimpe hata kijiko kimoja zaidi "amalizie" gunia, na usilitupe lote. Kilo tano zihifadhi kwa ajili ya kupima.

Wenye kununua chakula cha kopo na cha punje kavu kutoka nje wasijione wamevuka mto. Chakula kavu cha mbwa mara nyingi kina mahindi mengi. Mwishoni mwa 2005 mbwa zaidi ya 100 walikufa Marekani kwa chakula kilichotoka kiwanda kimoja cha South Carolina, na Desemba 2020 ikajirudia kwa kiwanda cha Oklahoma: mamlaka ya chakula na dawa ya huko ilihesabu vifo zaidi ya 110. Viwanda vyote viwili vilitakiwa kupima mahindi yanapoingia. Kwa hapa kwetu ongeza tatizo la chakula cha kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa: kinapoteza tarehe na namba ya toleo, na kikisharudishwa sokoni kwa sababu ya sumu hutajua kama chako kimo. Nunua mfuko uliofungwa hata kama ni mdogo, weka chakula ndani ya mfuko wake huohuo na mfuko ndani ya ndoo yenye mfuniko, kimalizike ndani ya mwezi mmoja hivi.

Kosa kubwa la jikoni ni kuamini moto. Ugali unapikwa kwenye nyuzi 100. Aflatoksini inaanza kuvunjika vizuri moto ukishapita nyuzi 200. Kuchemsha, kukausha tena juani, kuchachusha, hata kukaanga karanga, kunaweza kupunguza kiasi fulani lakini hakuondoi. Pombe za kienyeji ni mfano mbaya kuliko yote, kwa kuwa ndiko mahindi yaliyokataliwa huishia: yale yaliyoshindikana kwa ugali yanaoteshwa kimea, na sumu inaingia kwenye mtungi.

Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya jiko. Na hapo neno la kwanza ni unyevu.

Mahindi yakikauka kwa macho shambani bado yana unyevu wa asilimia 20 hivi. Yanatakiwa yafike 13.5 au chini. Gunia la kilo 100 likikaushwa kutoka 20 hadi 13.5 linapungua hadi kilo 92.5. Hizo kilo 7.5 ni maji, na mkulima anayeuza kwa kilo anajua vizuri kwamba akikausha anajipunguzia pesa mwenyewe. Mnunuzi asiyelipa bei tofauti kwa mahindi makavu ananunua kuvu kwa mikono yake. Nitalirudia hili mahali popote: shida ya sumukuvu kwa kiasi kikubwa ni shida ya bei.

Kausha juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo, maana udongo ndio nyumba ya kuvu. Tandaza kwa kina cha sentimita 3, si zaidi ya 5. Kwa kina hicho cha 3, gunia moja la kilo 100 linahitaji karibu mita 5 za mraba, kwa hiyo turubai la mita 4 kwa 6 linabeba magunia manne, matano ukibana. Geuza kila nusu saa au saa moja. Ikifika alasiri kunja turubai kabla umande haujaanza, na kesho yake lifungue jua likishakausha ardhi. Kabla ya kufunga kwenye magunia, acha mahindi yapoe kivulini. Yakifungwa yakiwa na joto la jua yanatoa jasho usiku, maji yanakusanyika kwenye tabaka la juu na kuvu wanaanzia hapo.

Usiamini kuuma kwa meno. Punje inayovunjika kwa mlio mkavu inaweza kuwa na asilimia 15 au 13, na meno hayajui tofauti. Kama huna kipima unyevu, tumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo, safi na kavu kabisa, ya mililita 750 hivi, yenye kizibo. Weka mahindi gramu 250, ongeza chumvi ya mezani gramu 20 hadi 30, yaani vijiko vya chai vinne au vitano. Funga, tikisa kwa dakika moja hadi mbili, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi 15. Ikibaki chini ikitiririka, uko chini ya 15. Kipimo hiki kinaharibika kwa njia mbili. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, jambo la kawaida Pwani, itashika hata kwa mahindi makavu. Ianike juani au ipashe kwenye kikaango kikavu kwanza, kisha ipoze kwenye chombo kilichofungwa. Pili, 15 si 13.5. Chumvi ikishakubali, ongeza siku moja au mbili za jua kali ndipo ufunge.

Hapo wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wana mtihani wao. Hewa ya Pwani mara nyingi ina unyevu wa kuirudishia nafaka maji iliyoyapoteza. Mahindi yaliyotoka Iringa yakiwa na 13, yakikaa miezi mitatu kwenye gunia la kawaida katika stoo ya Mbagala, yanapanda taratibu hadi kuvu wanaamka. Dawa yake ni mifuko isiyopitisha hewa: miwili ya ndani ya nailoni nzito na mmoja wa nje wa kusuka. Jaza wa ndani kabisa, kandamiza kutoa hewa, sokota shingo, ikunje na uifunge kwa kamba. Kisha wa pili hivyohivyo, na wa nje mwisho. Wadudu waliomo wanatumia oksijeni iliyobaki na kufa bila dawa yoyote. Kinachoharibu ni kufungua kila siku mbili kuchota mahindi ya unga wa jioni. Nyumba inayokula debe kwa wiki ihifadhi kwenye mifuko midogo ya kilo 50, mmoja ukiwa wazi na mingine imefungwa. Na kamwe usifungie mahindi mabichi humo. Yataoza kwa harufu ya siki na mfuko utalaumiwa bure. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na chunguza matundu ya panya.

Wadudu nao wana hesabu yao katika sumu hii. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, alionekana kwetu kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kati, na punje iliyobunguliwa naye ni mlango uliofunguliwa kwa kuvu. Pukuchua mapema, maana anapenda mahindi yaliyo kwenye magunzi. Ukiamua kutumia dawa ya unga, fuata kipimo cha kwenye kibandiko na muda wa kusubiri kabla ya kula. Vidonge vya fosfaidi ya alumini ni jambo jingine kabisa: kidonge kimoja cha gramu 3 kinatoa gramu nzima ya gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui kati ya fukusi na mtoto aliyelala chumba cha pili. Havina nafasi kwenye nyumba wanamolala watu. Wala mbwa wa ghalani asifungiwe humo.

Kwa wakulima kuna kinga ya shambani. Aflasafe ni mtama uliokaangwa na kuvikwa jamii za Aspergillus flavus zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu. Zinawahi nafasi na kuwanyima wale wenye sumu mahali pa kukaa. Kenya ina aina yake, KE01, na Tanzania ilisajili TZ01 mwaka 2018. Kiasi ni kilo 10 kwa hekta, karibu kilo 4 kwa ekari, ikimwagwa wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Ukimwaga kwenye udongo mkavu, ndege na sisimizi watakula mtama wako na kuvu hatakua.

Baada ya kukausha inakuja kuchambua, kazi ya ungo ambayo hakuna mashine ya mtaani inayoishinda. Peta kuondoa punje nyepesi, kisha chagua kwa mkono: zilizopasuka, zilizobunguliwa, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani, kijivu au kahawia. Sababu ya kuhangaika na punje moja moja ni hii. Vipimo vya maabara vimewahi kukuta punje moja ya mahindi ikiwa na kiwango cha mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje ina uzito wa gramu 0.3 hivi, kwa hiyo hiyo peke yake ilibeba mikrogramu 120. Itumbukize kwenye kilo 10 za mahindi safi kabisa, zenye punje zaidi ya 30,000, na zote kwa pamoja zinafika 12 kwa kilo. Zimevuka kikomo kwa punje moja.

Halafu swali ambalo vipeperushi vingi hulikwepa: makapi ya kuchambua yanakwenda wapi? Kwa desturi yanakwenda kwa kuku na mbwa, au yanauzwa kwa bei ya chini kwa anayesaga chakula cha mifugo. Hapo tumekusanya punje zote mbaya za gunia na kuzipika kwenye sufuria moja. Makapi haya yachomwe, au yafukiwe kwenye shimo mbali na kisima. Ni kilo mbili tatu kwa gunia. Hasara hiyo ihesabiwe kwenye bei ya mahindi kama inavyohesabiwa nauli.

Kuhusu dona. Wanaolisifu kwa virutubisho hawajakosea, ganda na kiini vina vitamini na mafuta. Lakini dona ni gunia zima bila kupungua hata chembe ya sumu. Mahindi uliyoyakausha na kuyachambua mwenyewe, saga dona kwa amani. Mahindi ya sokoni usiyoyajua asili yake, bora yakobolewe. Na unga wa lishe wa watoto unahitaji ukali zaidi, kwa kuwa unachanganya mahindi na karanga, vyakula viwili vinavyoongoza kwa sumukuvu, na mtoto wa kilo 8 hana mwili wa kuugawanya mzigo. Punguza mahindi, tumia ulezi, mchele au mtama zaidi. Karanga zichaguliwe moja moja, zitolewe maganda mekundu ili uone ndani, zisagwe kidogo kidogo za wiki moja, zisikae zimechanganywa na unga. Mchanganyiko wa nafaka saba au nane unaouzwa kama dawa ya afya hauna ubora wowote wa ziada. Umeongeza tu idadi ya magunia usiyoyajua. Chanjo ya homa ya ini B nayo inahusika moja kwa moja: kwa mwenye virusi hivyo, aflatoksini ileile ina nguvu kubwa zaidi ya kuleta saratani, kwa makadirio ya wataalamu hadi mara 30.

Turudi kwenye pumba zetu za mikrogramu 120, safari hii kwenye hori la ng'ombe. Akila kilo 4 kwa siku anaingiza mikrogramu 480. Kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya B1 anayoila hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuzwa kuwa aflatoksini M1, na kwa ng'ombe anayekamuliwa sana huweza kufika 6. Tuseme yote ni B1 na imetoka asilimia 2: mikrogramu 9.6 kwenye lita 10, karibu 1 kwa lita. Kikomo chetu ni 0.5, cha Ulaya ni 0.05. Sumu uliyoiondoa kwenye sembe imerudi mezani ndani ya kikombe cha mtoto, na kuchemsha maziwa au kuyagandisha mtindi hakuiondoi. Habari njema ni kwamba inatoka haraka: ukibadilisha chakula, M1 inashuka sana ndani ya siku tatu hadi nne. Mfugaji mwenye shaka ana jambo la kufanya leo hii, si mwakani.

Mashudu yanatakiwa yaangaliwe kwa jicho hilohilo. Alizeti au karanga zikikamuliwa, mafuta yanatoka na sumu kidogo, nyingi inabaki kwenye mashudu. Vipimo vilivyochapishwa 2017 kutoka kwa wakamuaji wadogo wa alizeti Tanzania vilikuta sampuli za mashudu zilizopita mikrogramu 500 kwa kilo. Mashudu yanayotoka kwenye mashine yakiwa ya moto na kufungwa hapohapo yanatoa jasho kama mahindi. Wanaofuga bata wawe waangalifu kuliko wote. Vifaranga wa bata ni dhaifu mno kwa sumu hii, kiasi kwamba miaka ya 1960 walitumika maabara kama kipimo chake.

Viwandani wanaongeza udongo wa bentonaiti, unaonasa aflatoksini tumboni mwa mnyama ili itoke na kinyesi. Unafanya kazi, lakini unanasa sehemu, si yote, na kwa fumonisini, sumukuvu nyingine inayopenda mahindi, hausaidii sana. Ni kama mkanda wa usalama wa gari. Muuzaji akikuambia kwamba ukiweka udongo huo unaweza kulisha mahindi yaliyooza, tafuta muuzaji mwingine.

Viongezwa vingine viko kwenye fungu la udanganyifu, na hapo mfano ni melamini. Maabara nyingi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki ngumu, ni naitrojeni kwa thuluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo gramu moja inasomeka kama gramu 4 za protini. Mwaka 2007 iligunduliwa kwenye protini ya ngano iliyotoka China na kuingia kwenye chakula cha mbwa na paka Amerika Kaskazini. Figo zilizibwa na chembe ngumu, na pakiti zaidi ya milioni 60 zikaondolewa sokoni. Mwaka uliofuata kemikali ileile ilikuwa kwenye maziwa ya watoto China: karibu watoto 300,000 waliugua na 6 wakafa. Wanyama walishatoa taarifa. Kwetu udanganyifu una sura ya kawaida zaidi, mchanga kwenye dagaa wa chakula cha mifugo. Tumbukiza konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri; kinachotua chini kwanza ndicho ulichouziwa kwa bei ya samaki.

Na jambo dogo kwa wanaowapa mbwa siagi ya karanga ya dukani: soma kibandiko utafute zailitoli, sukari mbadala iliyomo pia kwenye chingamu zisizo na sukari. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa, gramu 0.1 kwa kilo ya mwili inatosha kushusha sukari ya damu hadi aanguke. Kwa yule wa kilo 15 ni gramu moja na nusu, chingamu chache tu.

Ukiamua kupima, elewa kwanza kwamba kosa kubwa halitokei maabara. Kumbuka ile punje moja kati ya 30,000. Konzi ya juu ya gunia inaweza kuikosa na kukupa cheti safi, au ikaidaka na kulihukumu lori zima. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti yaliyodai cheti cha kutozidi 10. Thamani ya cheti kama hicho iko mkononi mwa aliyeshika bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje za kupima. Choma bambo juu, katikati na chini ya kila gunia ulilochagua, na uchague kutoka pande zote za rundo. Kusanya angalau kilo 5. Saga zote, si sehemu, changanya unga vizuri, ndipo utoe gramu 50 za kupimwa. Kurunzi za mwanga wa zambarau zinazouzwa mtandaoni usizitegemee: ule mng'ao wa kijani-manjano kwenye punje zilizopasuka unatokana na kemikali nyingine ya kuvu, si aflatoksini, hivyo unaweza kuuona pasipo na sumu na kuukosa palipo nayo.

Sampuli ya kupeleka kwenye shirika la viwango, TBS la Tanzania au KEBS la Kenya, au maabara nyingine iweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, ili isitoe jasho njiani. Andika tarehe, mahali ilipotoka na idadi ya magunia. Unga uliobaki baada ya kutoa zile gramu 50 ugawe mara mbili, ufunge, na nusu moja ibaki kwako mahali pakavu na pa baridi hadi majibu yatoke. Na ukipima mahindi yaliyokobolewa, peleka na pumba zake kwenye mfuko wa peke yake.